Chumba Kilichobaki Kwenye Ramani

3 Machi

Mdogo wangu Rula,

Sisi huku wazima, isipokuwa mguu wa Mama, ambao hali ya hewa ikibadilika nao unabadilika. Daktari amempa dawa ya kuchua, naye anachua siku anayotaka yeye. Cherehani yangu kubwa imerudi kutoka kwa fundi na haikati uzi tena. Shule mbili zimeniletea kazi ya sare, kwa hiyo nyumba nzima ni vitambaa vya bluu, na Mama anavikanyaga makusudi ili nimwondolee njiani. Binamu yetu, yule aliyekuwa anakukimbiza na ufagio, amejifungua mapacha. Anakusalimu na kusema ufagio bado anao.

Simu zangu hupokei. Basi nakuandikia, maana barua huwezi kuikata katikati.

Jambo lenyewe ni uwanja. Unakumbuka lile tangazo la manispaa langoni, kwamba uwanja umefungwa miezi mitatu ili jukwaa litengenezwe? Hukumbuki, hujalisoma. Mimi nimelisoma kila siku kwa miaka tisa nikienda kununua nyuzi. Jukwaa halijaguswa hata msumari. Sasa Jumatatu wamekuja kubandika tangazo jipya juu ya lile la zamani. Wamempa mjenzi. Zitajengwa nyumba tisini na sita, kwa sababu, nanukuu, "ardhi hii haitumiki."

Haitumiki! Nilisimama pale na mfuko wangu wa vifungo nikacheka peke yangu hadi mpita njia akanihurumia. Nani aliyetia kufuli? Umfungie mtu mlango miaka tisa, kisha umshitaki kwamba haingii ndani? Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo nilikata sketi kumi fupi kuliko kipimo na ikabidi nizishone upya pindo.

Sikatai, majani yamefika kiunoni na milingoti ya magoli imeibwa ikauzwa chuma chakavu. Lakini wasichana wa shule ya pili wanapiga mbio barabarani, katikati ya malori, na uwanja upo pale pale nyuma ya mabati. Mwalimu wa michezo mstaafu, tuliyekuwa tunamwita Filimbi, anapita nyumba kwa nyumba na orodha ya pingamizi. Mchomelea vyuma wa mbele ya lango ametupa karakana yake kwa mikutano, tunakaa juu ya madirisha yasiyo na nyumba. Tuko watu mia tatu na kumi na wawili.

Wewe ndiye mtu wa ramani katika ukoo huu. Tuambie tutazame wapi na tuulize nini. Na uje. Kikao cha kusikiliza pingamizi ni tarehe 14 Agosti. Baba alichora mistari ya uwanja ule kwa chokaa kila Jumamosi kwa miaka ishirini na saba. Siku moja tu ya kwako haitakuua.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Barua yako niliipata, ila kazi zimenibana, usinione vibaya. Nafurahi cherehani imepona. Mwambie Mama achue mguu kila siku, asubuhi na jioni, na umsimamie. Mimi mzima. Nimehamia chumba kikubwa kidogo, karibu na ofisi, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Chakula nakula. Mapacha uwapelekee salamu, na huyo mwenye ufagio mwambie mbio bado ninazo.

Kuhusu uwanja. Dada, nitasema ukweli wangu, ukikasirika utakasirika. Watu wanahitaji mahali pa kulala. Kiwanja chenye majani kiunoni hakimlazi mtu. Hao watu mia tatu na kumi na wawili wote wana nyumba, ndiyo maana wana muda wa kutia sahihi. Nyumba zenyewe si mbaya, nyingi ni za vyumba viwili na zina hewa, na upande wa lango itapandwa miti ya kivuli ambayo hata Mama atakaa chini yake.

Msihangaike na ramani. Mambo haya yanapofika kwenye tangazo huwa yamekwisha. Tunza macho yako kwa sindano.

Agosti sidhani kama nitapata ruhusa.

Mdogo wako


24 Aprili

Rula,

Mama anachua mguu. Mapacha wanaongezeka uzito. Salamu zimeisha.

Nani aliyekuambia habari ya miti? Mimi sikukuandikia mti hata mmoja, wala vyumba viwili. Tangazo halina miti. Niliisoma barua yako jioni nikiwa na pini mdomoni, nikaitoa pini kwanza kabla sijaimeza.

Kesho yake nikamchukua Filimbi tukaenda manispaa. Ramani ya mradi imebandikwa kwenye korido ya ghorofa ya pili, jirani na choo, mahali ambapo mtu hupita kwa haraka. Afisa alituambia tuitazame mikono ikiwa nyuma, kana kwamba tungeiba. Jina la mchoraji limefunikwa na mhuri. Chini imeandikwa: "Mchoraji amefika kwenye eneo na amelipima lote mwenyewe." Na miti ipo, upande wa lango, miviringo saba.

Kisha nikaona kona. Ile ya upande wa nyumbani kwetu. Barabara ya mradi inakuja imenyooka vizuri, halafu ikifika pale inakunjwa, inakizunguka kijumba kidogo cha mraba, ndipo inaendelea. Pameandikwa "chumba".

Filimbi akaniuliza hicho ni chumba gani. Nikasogea hadi pua ikagusa karatasi.

Sikiliza wewe. Chumba hicho hakimo katika ramani yoyote ya serikali, kwa sababu Baba alikijenga bila kibali, kikatokeza nje ya ua wetu mpaka uwanjani, na timu za wageni zilikuwa zinalalamika kwamba kona yetu imekatwa. Alikijenga kwa ajili yako, upate pa kuchorea. Hakimo katika karatasi ya mtu yeyote. Kimo katika kichwa chako tu.

Na hapo kwenye kona, mdogo wangu, hakuna chumba. Kwa miaka kumi na mitatu hapana chumba.

Kwa hiyo mchoraji hakufika na hakupima. Amekaa huko kwenye dirisha lake linalotazama ukuta akachora utoto wake, akatia sahihi. Halafu akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: tunza macho yako kwa sindano! Nimekulea mgongoni, nimekufuta kamasi, unaniambia nitunze macho ili nisione unachonifanyia.

Nimemwambia afisa kwamba ramani ni ya uongo. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema fundi cherehani. Akasema, "Mama, hii imetiwa sahihi na mtaalamu." Nikasema basi kamati ya pingamizi ije itazame kona kwa macho. Akasema haiwezekani, uwanja umefungwa, jukwaa ni hatari.

Jibu ni moja tu ninalotaka. Ni wewe?

Dada yako


11 Juni

Dada,

Ni mimi.

Nimekaa na barua yako wiki sita. Nilianza kukuandikia mara nne, na kila mara nilikuwa najitetea, nikachana. Salamu kwa Mama. Usimwambie.

Kazi iliingia ofisini mwezi wa Novemba. Mkubwa wangu aliuliza nani anapafahamu mahali hapo. Nikasema mimi, nimezaliwa hapo, napajua hatua kwa hatua, hakuna haja ya kumpeleka mtu. Nilitaka anione. Basi ni hivyo. Nilikuwa nimekaa meza ya nyuma miaka kumi nikichora vyoo vya majengo ya wenzangu.

Na usinililie uwanja, Dada. Wewe uliupenda, mimi niliuchukia. Siku niliyomwambia Baba nimepata nafasi ya chuo cha uchoraji, aliendelea kuvuta kamba yake ya mistari. Akasema, "Na chokaa nani atamwaga?" Hivyo tu. Hakuinua hata kichwa. Mtoto wake anaondoka, yeye anatazama kama mstari umenyooka. Nilipanga nyumba tisini na sita juu ya mistari ile, na nilipomaliza nilikula nikashiba.

Lakini chumba changu sikukigusa. Wenzangu waliniuliza kwa nini barabara inapinda bila sababu, nikawaambia kuna nyumba ya jirani. Niliikunja barabara yenye magari ya watu mia nne ili kile chumba kibaki.

Sasa unasema hakipo. Hakipo vipi? Kimeanguka? Nani alikivunja? Kwa nini katika barua zote ulizoniandikia hujawahi kuniambia?

Mdogo wako


25 Juni

Rula,

Mama hajambo. Ameniuliza kwa nini nakata kitambaa kwa nguvu. Nimemwambia mkasi umekuwa butu.

Unataka kujua, basi jua. Alikivunja Baba.

Ulipoondoka ulibamiza mlango hadi bawaba ya juu ikatoka. Aliirudisha siku hiyo hiyo. Alingoja mwaka mzima. Kila Jumapili alifagia mle ndani na kufungua dirisha. Hukuandika hata mstari. Mwaka ulipotimia alichukua nyundo, akabomoa tofali moja moja, akasogeza ua wetu nyuma, akanyoosha uwanja. Kona ikawa kona. Kibendera akakisimika pale kilipokuwa kitanda chako. Akamwambia Mama, "Kama hachori yeye, wakimbie wengine." Jioni hakula.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa naogopa hutarudi ukijua huna chumba. Ona nilivyokuwa mjinga. Ulikuwa hurudi hata ulipodhani unacho. Baba alipofariki ulitokea stendi ukaenda makaburini, kutoka makaburini ukarudi stendi. Ungepita nyumbani kunywa maji tu, ungeiona kona kwa macho yako, na leo usingekuwa mwongo mbele ya serikali. Umejikamatisha mwenyewe kwa kutokuja kwenu.

Mlango hakuuchoma. Niliuomba. Nimeuweka juu ya mapipa mawili, ndio meza yangu ya kukatia. Sare za shule mbili zinakatwa juu ya mlango wako. Kwa upande wa chini bado ipo mistari ya penseli uliyokuwa unajipima urefu.

Unasema Baba hakuinua kichwa. Alikuwa analia, Rula. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya kamba, nilimwona. Angeinua vipi?

Sasa sitaki kusikia habari ya chuki yako ya miaka kumi na minne. Nataka ufanye jambo moja. Iandikie kamati useme hukufika na hukupima. Ramani ikianguka, ombi lote la mjenzi linaanguka nayo, Filimbi ameulizia kwa wanaojua sheria. Ni wewe peke yako unayeweza kusema, maana mimi ni wa sindano tu.

Dada yako


20 Julai

Dada,

Wasalimie wote.

Barua yako nimeisoma. Habari ya Baba siwezi kuijibu kwa karatasi.

Malalamiko yako yamefika ofisini. Mkubwa wangu ameniita, akafunga mlango. Hakunigombeza. Ameniwekea karatasi mezani, tamko la pili, niape upya kwamba nilifika na nilipima, ili mwanasheria wa kampuni ya mjenzi aisome siku ya kikao. Amesema nikishatia sahihi nitahamia meza ya mbele. Amesema pia kwamba nisipotia, mchoraji anayedanganya hapewi kazi mji huu wala mji mwingine.

Karatasi iko mezani. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Usinisukume, Dada.

Mdogo wako


1 Agosti

Nimengoja mpaka mwisho wa mwezi. Kila siku nimesimama mlangoni kwa ajili ya yule wa posta, hadi ananikwepa.

Nisikusukume! Nani amewahi kukusukuma? Umekwenda mwenyewe, umekaa mwenyewe, umechora mwenyewe. Kama umetia sahihi, sema umetia. Uoga nao una adabu zake. Usijitie hamnazo huko, mimi nikiingia kwenye kikao hicho bila kujua kama ndugu yangu yuko mbele yangu au nyuma yangu.

Ukitia sahihi, njoo umweleze Mama kwa mdomo wako. Mimi sitakubebea hiyo.


15 Agosti

Rula,

Salamu za Mama utazipata mwisho, maana zina maneno.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Wasichana wa shule ya pili walikuja na sare, nikawa natazama pindo zangu ili nisipandishe hasira mapema. Haikusaidia. Mwanasheria wa kampuni alisimama akasema uwanja umetelekezwa na wakazi wenyewe. Mchomelea vyuma akapiga kelele kutoka nyuma, "Kufuli ni la nani?" Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, mnyoofu kama rula, akamwambia anyamaze. Mwanasheria akaendelea, kwamba ramani imepimwa na mtaalamu mzaliwa wa hapa hapa, na tamko lake la pili linakuja.

Hapo mimi nikasimama bila kuitwa. Nilikuwa nimeandaa karatasi, sikuisoma. Nilisema mtaalamu huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nikasema hajakanyaga huku miaka kumi na minne isipokuwa kaburini. Nikasema amemuuza baba yake na sasa anatuuza sisi, na kwamba kuanzia leo sina ndugu. Nililisema kwa sauti, mbele ya watu wote, mbele ya Filimbi aliyekufundisha kuogelea. Kisha nikakaa.

Ndipo karani akainua mkono, akasema kuna barua ya mchoraji, imekuja moja kwa moja kwa kamati tangu tarehe 27 Julai, iko kwenye jalada, alikuwa anangoja zamu yake.

Zamu yake!

Mwenyekiti akaisoma mwenyewe. "Sikufika. Sikupima. Nimechora chumba ambacho hakipo kwa sababu nilidhani kipo. Barabara inapinda kwa ajili yangu na si kwa ajili ya mtu mwingine. Naomba ramani hii isitumike. Uwanja huu ulinyooshwa na baba yangu, ambaye alijua kupima kuliko mimi."

Mwanasheria wao alitoa macho. Mimi nilitaka sakafu inifunike. Watu walikuwa wananitazama mimi, Rula, si yeye.

Ramani imetupwa, na ombi limekwenda nayo. Mwenyekiti ameipa manispaa siku thelathini ieleze kufuli la miezi mitatu limefikaje miaka tisa. Hatujashinda, tumewasimamisha, wanaweza kurudi na mchoraji mwingine mwenye viatu vya kutembelea. Lakini Mama alipoambiwa alivaa kanga yake ya kutokea, akaenda hadi kwenye mabati, akachungulia kona kwa tundu la msumari. Mguu wenyewe ndio huo unaouma.

Sasa nisikilize vizuri. Nimekukasirikia kuliko mwanzo. Tarehe 27 Julai ulikwisha andika! Ulishindwa kunitumia hata mstari mmoja mimi? Umeniacha nikukane mbele ya mji mzima, wakati ulikuwa umekwisha jichoma mwenyewe. Una tabia ile ile ya Baba. Mnafanya jambo kubwa mmeinamisha kichwa, mkitazama kamba, na sisi tunabaki kudhani hamna moyo.

Sitakuomba radhi kwa barua. Radhi ya maneno niliyoyasema ukumbini ni ya uso kwa uso, na kabla yake nitakugombeza saa nzima, kwa hiyo uje umeshakula.

Mama anasema ameulizwa na watu chumba kilikuwa cha nani, akajibu ni cha mwanangu. Hakusema kilikuwa, amesema ni.

Dada yako


29 Agosti

Dada,

Nimefukuzwa tarehe 16, saa nne asubuhi. Nilipewa boksi la kuwekea vitu vyangu, na vitu vyenyewe vilikuwa penseli na kikombe.

Barua ya kamati niliituma peke yake kwa sababu ningekuandikia wewe ungenijibu, na ungenijibu vizuri, na ningeogopa nikaifuata posta kuichukua. Yale uliyosema ukumbini yalikuwa kweli mpaka tarehe 26.

Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mchomelea vyuma aandae mkasi wa kukatia kufuli, manispaa ikichelewa. Chokaa nitabeba mimi.

Ondoa vitambaa vyako juu ya mlango wangu.

Rula